Usisaini huo mkataba bado!

Wewe unayeuliza usomee wapi uzamifu wa sera za intaneti na ufadhili upi uombe, halafu ukatupia mwishoni kwamba kampuni ya ushauri imekupa kazi ya kuhoji watu Kongowea na Likoni "na mahojiano nitayatumia kwenye tasnifu": hilo la mwisho ndilo swali lenyewe. Weka kalamu chini.

Mimi nilisaini kama huo. Nilikuwa naandika kuhusu nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, na nani anamiliki data. TEAMS na SEACOM zimetua hapa Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010, na bado mama wa mbaazi Kisauni ananunua bando la saa moja. Nani mwenye nguvu hapo? Nikazunguka juani na kinasa sauti: wenye saiba, mawakala wa M-Pesa, vijana wanaovuta Wi-Fi za mtaani. Usiku naandika rekodi neno kwa neno, narudisha nyuma, nasikiliza tena, mpaka jirani anagonga ukuta. Kuomba niyatumie mahojiano hayo chuoni, nikajibiwa kwa kipengele cha mkataba: vyote ni mali ya mteja. Mtafiti wa umiliki wa data kanyang'anywa data! Cheka tu, mie nshacheka. Chuo nacho kikanitoza karo ya mwaka mwingine nikianza upya.

Na aliyeniambia nisaini ni msimamizi wangu mwenyewe. "Hayo makaratasi tu, kijana." Kumbe bwana mkubwa analipwa na kampuni hiyo hiyo! Jina lake liko juu ya jalada la ripoti. Langu limo kwenye shukrani, na herufi wamekosea.

Wala usijidanganye kuwa mkataba ukinyamaza umesalimika. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hapa Kenya inampa haki aliyeagiza kazi, isipokuwa mmekubaliana vingine. Basi kubalianeni vingine, kwa maandishi: rekodi na nakala zake utazitumia kwenye tasnifu na makala bila kurudi kuomba ruhusa. Fomu ya ridhaa nayo itaje tasnifu yako, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitaki habari za mtu zichukuliwe kwa shughuli moja zikatumike kwa nyingine isiyolingana nayo. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, kiwe kwa jina lako na mada yako.

Wakikataa, waachie kazi yao. Hata ukiwa na njaa.

Ya chuo na ufadhili watakujibu wengine. Bandika hapa hicho kipengele cha umiliki, ufute majina, nikisome leo usiku.