Undertaker au LeBron? Jibu langu refu kutoka Lubumbashi

Ndugu uliyeuliza nani mkubwa kati ya Undertaker na LeBron James, na kwa jumla kati ya nyota wa mieleka na nyota wa kikapu, swali lako nimelipenda. Majibu yaliyotangulia sikuyapenda. Wengine wanasema mieleka ni maigizo, matokeo yamepangwa, basi hakuna cha kulinganisha. Wengine wameanza kuhesabu mikanda ya ubingwa upande huu na pete za ubingwa upande ule. Naomba nijibu kwa urefu, maana michezo yote miwili nimeigusa kwa mikono yangu. Ujanani nilifanya mazoezi ya kachi, ndivyo tunavyoiita mieleka ya maonyesho hapa Lubumbashi, na kikundi cha mtaani kule Katuba. Siku hizi nafundisha watoto kikapu huku Kampemba.

Hesabu tuimalize haraka. Ric Flair anatambuliwa kuwa bingwa wa dunia mara 16. John Cena alifikisha 17 mwezi wa nne 2025, alipomshinda Cody Rhodes kule Las Vegas. Bill Russell alitwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mara 11 kati ya 1957 na 1969, Michael Jordan mara 6, LeBron mara 4. Kwa hesabu hiyo Cena angekuwa karibu Jordan watatu, na sidhani hata mpenzi wa Cena atalikubali hilo. Mkanda wa kachi mtu anapewa. Anapewa kwa sababu watu wanakata tiketi kwa ajili yake, wanamshangilia au wanamzomea vya kutosha, kwa hiyo si kitu cha bure, ila anapewa. Pete ya NBA hakuna wa kukupa. Atakayeendelea kuhesabu baada ya hapo anajichosha.

Sasa wale wa "maigizo tu." Nyinyi ndio mnaonikera zaidi, kwa sababu hamjawahi kuanguka.

Kule Katuba hatukuanza na kupiga, tulianza na kuanguka. Kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini. Pumzi itoke kabla mgongo haujafika. Viganja viwili vipige sakafu kwa pamoja ili uzito ugawanyike. Ulingo wetu ulikuwa mbao, juu yake sponji nyembamba na turubai, na mbao haijui kwamba matokeo yamepangwa. Tulianguka wiki baada ya wiki kabla ya kuruhusiwa kumshika mtu. Kisha likaja somo gumu zaidi: ukimnyanyua mwenzako kichwa chini miguu juu, shingo yake amekukabidhi wewe. Mwalimu wetu, mzee aliyepigana enzi za Zaire, hakuwa na subira na kijana anayeumiza wenzake. Angekuwa na nguvu kiasi gani, alimwondoa. Siku za maonyesho tulipita mitaani juu ya gari na ngoma, wengine wamepaka rangi usoni, wengine wamevaa hirizi na kutisha watoto kwa dawa zao, na watu walidhani mkubwa ni yule anayetisha. Sisi tuliokuwa ndani tulijua mkubwa ni yule ambaye kila mtu anaomba apangwe naye, kwa sababu ukipigana naye unatoka mzima, na watu wanalitaja jina lako kesho yake.

Hicho ndicho kipimo changu upande wa kachi: mpinzani wako ameingia ulingoni akiwa nani, na ametoka akiwa nani? Mwanamieleka mkubwa humwacha mpinzani mkubwa kuliko alivyomkuta. Kikapu kinakwenda kinyume kabisa. Mchezaji mkubwa wa kikapu humwacha mpinzani mdogo kuliko alivyokuja. Anamnyang'anya usiku wake, msimu wake, wakati mwingine maisha yake yote ya mchezo. Mmoja kazi yake ni kutoa, mwingine kazi yake ni kuchukua. Kwa hiyo unaweza kuwalinganisha, ilimradi umpime kila mmoja kwa kazi yake mwenyewe: huyu alitoa kwa kiasi gani, yule alichukua kwa kiasi gani.

Kwa kipimo hicho, mwanamieleka wangu wa kwanza ni Bret Hart. Si Hulk Hogan, si Cena, si Undertaker.

Tafuteni WrestleMania 13, lile onyesho kubwa la mieleka la kila mwaka, tarehe 23 Machi 1997, eneo la Chicago. Bret anaingia akiwa kipenzi cha watu, Steve Austin anaingia akiwa mtu mbaya. Mwishoni Bret amemfunga Austin miguu kwa mtego wake wa Sharpshooter, damu inamtiririka Austin usoni, na Austin hakubali kusema basi. Anazimia badala ya kukubali. Kwenye karatasi Bret ameshinda. Lakini ukumbi umegeuka: Bret anazomewa kwa kuendelea kumpiga mtu aliyezimia, na Austin anaondoka kwa miguu yake, anayumba, amekataa kusaidiwa, watu wanamshangilia. Austin aliyekuja kuwa nyota mkubwa kuliko wote wa miaka ile alizaliwa usiku ule, chini ya mtu aliyemshinda. Bret alishinda mechi akampa mwenzake kila kitu kingine. Mimi niliyewahi kumshika mtu mbele ya watazamaji nawaambia, hiyo ni kazi ngumu kuliko kutupa mpira ukiwa umebanwa na watu wawili.

Na si usiku mmoja tu. Mwaka 1994, Madison Square Garden, alikubali kushindwa waziwazi na mdogo wake Owen katika mechi ya ufunguzi ya WrestleMania ya mwaka ule, bila kisingizio chochote. Bret amejivunia miaka yote kwamba hakuwahi kumuumiza vibaya mpinzani. Halafu desemba 1999 ikaja teke moja la mwanamieleka mwenzake Goldberg kichwani, likamtikisa ubongo, na mwaka uliofuata akalazimika kuacha mchezo. Mtu aliyelinda shingo za wenzake miaka yote, yeye wa kwake hakulindwa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Hogan? Watu wanaitaja Pontiac Silverdome, 1987, watu waliotangazwa kuwa 93,173, Hogan akimnyanyua André the Giant na kumbwaga. Mimi pale namtazama André. Mtu wa zaidi ya kilo 200, mgongo unamuuma, ameshafanyiwa upasuaji. Mtu wa uzito ule asipokubali kunyanyuliwa, hakuna wa kumnyanyua. Aliyetoa ni yeye, na miaka sita baadaye akafariki. Hogan alipokea tu, ingawa alipokea vizuri.

Upande wa kikapu wa kwanza ni Jordan, na sitaji pete zake wala pointi zake. Nataja majina. Charles Barkley, mchezaji bora wa msimu wa 1993: akafika fainali, Jordan akamfungia wastani wa pointi 41 kwa mchezo, na Barkley hakufika fainali tena. Patrick Ewing alitolewa naye 1991, 1992, 1993 na 1996. Reggie Miller alimfikisha mchezo wa saba 1998, akarudi nyumbani. Karl Malone na John Stockton walikutana naye fainali mbili mfululizo, 1997 na 1998, na ile ya pili ilikwisha mchezo wa sita kule Utah: Jordan ampokonya Malone mpira kwa nyuma, anashuka nao, anatupa sekunde 5.2 zikiwa zimebaki, 87 kwa 86. Wote hao ni magwiji, na hakuna hata mmoja aliyestaafu na pete. Mtu mmoja alikaa mlangoni, kizazi kizima hakikupita. Russell naye alimfanyia hivyo Wilt Chamberlain, ambaye alifunga pointi 100 usiku mmoja mwaka 1962 na bado akamaliza na ubingwa mara 2 tu. Lakini Jordan aliwafanyia wengi.

Kama hamwamini kwamba michezo hii miwili inafahamiana, angalieni mwaka uleule wa 1998. Dennis Rodman aliacha mazoezi ya Chicago, timu yake na Jordan, katikati ya fainali akaenda kuonekana kwenye kipindi cha mieleka na Hogan. Mwezi wa saba, wiki chache baada ya fainali, Rodman na Malone walikuwa ulingoni pande mbili tofauti, Rodman na Hogan dhidi ya Malone na Diamond Dallas Page. Malone alijitahidi sana, unaona kabisa mtu aliyekuja kujifunza. Shaquille O'Neal naye, machi 2021, akiwa mtu mzima wa miaka 48, alikubali kuangushwa na Cody Rhodes juu ya meza mbili zikavunjika. Alijua kwamba pale hakuja kuchukua.

Sasa nimtaje mtu wetu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa 1966 na kutuacha septemba 2024. Mkizungumza ukubwa mkamruka, hamjui mlichokuwa mnakitazama. Mitupo 3,289 aliizuia NBA, na aliye juu yake kwenye orodha ni Hakeem Olajuwon peke yake. Mlinzi bora wa msimu mara 4. Mwaka 1994 Denver yake, timu ya nane upande wa magharibi, iliitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Walianza kwa kufungwa mara 2, wakashinda 3 mfululizo, na Mutombo akazuia mitupo 31 katika michezo hiyo 5. Mlio wa mwisho ukamkuta amelala chini, mpira ameushika juu ya uso wake kwa mikono miwili, anacheka.

Na kile kidole! Anakuzuia, halafu anakitikisa kidole: hapana, hapana, si kwenye nyumba yangu. Huo ni mwendo wa kachi mtupu. Waamuzi walipoanza kumwadhibu kwa kumtikisia mpinzani usoni, akageuka akawatikisia watazamaji. Mwanamieleka yeyote wa Katuba angemwelewa mara moja: umefanya jambo, sasa wape watu ishara waende nayo nyumbani. Watoto ninaowafundisha hawakumwona akicheza, wengi hawajui hata alichezea timu gani, lakini mmoja akimzuia mwenzake mtupo, kidole kinapanda chenyewe. Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi hii, aliwatikisia hicho kidole akiwa Toronto mwaka 2016, mwaka aliokusanya ribaundi 26 katika mchezo mmoja wa fainali ya mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron.

Na Mutombo hakuchukua tu. Fainali ya 2001, akiwa Philadelphia, alipewa kazi ya kumkaba Shaq akiwa kwenye ubora wake wote. Shaq alimfunga sana, viwiko vya kifua viliingia mchezo baada ya mchezo, na Mutombo alirudi pale pale kusimama kila mara. Walifungwa michezo 4 kwa 1. Hakupata pete maishani. Kisha mwaka 2007 akafungua hospitali ya vitanda 300 kule Kinshasa kwa jina la mama yake. Biyombo naye alipofiwa na baba yake alitangaza kwamba mshahara wake wa msimu ule Phoenix ungekwenda kujenga hospitali hapa nchini. Kwa hiyo Mutombo nampima kwa mizani zote mbili, ya kuchukua na ya kutoa, na sijaona mwingine wa NBA ninayeweza kumfanyia hivyo kwa moyo mweupe.

Orodha yangu moja, kama mnanilazimisha: Jordan, Bret Hart, Russell, André, LeBron, Austin. Mutombo namweka baada ya hapo kwa namba, na mbele ya wote kwa upendo, na hilo silitetei.

Sasa swali lenyewe. Undertaker ni mkubwa, nimemtazama tangu utotoni kwenye vibanda vya video, na mechi yake na Shawn Michaels ya 2009 ni miongoni mwa mechi bora nilizowahi kuona. Lakini alishinda WrestleMania mara 21 bila kupoteza, akabeba kitu ambacho kingeweza kumfanya kijana yeyote kuwa mfalme, na aprili 2014 kule New Orleans kikapewa Brock Lesnar. Lesnar alikuwa tayari ameshakuwa bingwa kila alikokwenda. Hakuongezeka hata inchi moja ya ukubwa ambao hakuwa nao. Mtanitajia Mick Foley akirushwa na Undertaker kutoka juu ya kizimba mwaka 1998, na mimi nitawajibu kwamba aliyetoa usiku ule ni Foley, kwa mgongo wake.

LeBron, kwa upande wake, alikutana fainali ya mwaka 2016 na Golden State iliyoshinda michezo 73 katika msimu, hakuna timu iliyowahi kushinda mingi hivyo. Akawa nyuma michezo 3 kwa 1. Mpaka tunafika dakika za mwisho za mchezo wa saba alikuwa amewarudisha, na akamkimbilia Andre Iguodala kutoka nyuma, akaubandika mpira kwenye ubao. Leo mtu akizitaja zile 73, anakumbuka kwanza kwamba walipoteza. Alizichukua zote. Undertaker alikuwa na kitu kikubwa cha kutoa, akampa asiyekihitaji. Kwa hiyo jibu langu ni LeBron, na atakayenipinga aniletee mechi, jina na mwaka.