Bunduki ya bei nafuu: kagua pale walipobana pesa

Bunduki yangu ya kwanza ya kuwindia niliitukana karibu mwezi mzima, kumbe tatizo lilikuwa skrubu mbili. Niliinunua pamoja na darubini yake, imeshafungwa tayari, wewe ni kubeba tu. Uwanjani, mita 100, risasi mbili zinakaribia kugusana, ya tatu inakwenda kiganja kizima kulia, ya nne inarudi kwa wenzake. Nikabadilisha aina ya risasi. Nikabadilisha tena. Mwishowe nikaanza kuwaamini waliokuwa wakinicheka kwamba rahisi ni ghali. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa meza ya pili akaniita. "Kijana, toa risasi zote, fungua boliti, halafu shika hiyo darubini uitikise." Ikacheza. Kidogo tu, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Kile kikalio kinachobeba pete za darubini kilikuwa kimeshikwa kwa skrubu za nyuma peke yake. Za mbele hazikukazwa kamwe.

Ndugu unayeanza, somo la kwanza ni hilo. Kwenye bunduki za boliti za bei nafuu (boliti ni kile chuma chenye mkono unachovuta na kusukuma kuingiza kila risasi), mtutu ndiyo sehemu ya mwisho ya kushuku. Viwanda vimejua kutengeneza mtutu mzuri kwa gharama ndogo. Muundo wa boliti wenyewe ni wa zamani, msingi wake ni ule wa Mauser wa 1898, na kilichopunguza bei ni ufundi wa kuunganisha. Kampuni ya Savage, kwa mfano, hufunga mtutu kwa nati kubwa, kwa hiyo nafasi ya ganda ndani ya chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) hupimwa kwa geji na nati ikakazwa, bila fundi kukaa nayo siku nzima na tupa. Ukikutana na Savage Axis, Ruger American au Mossberg Patriot, usiogope bei. Jiulize tu pesa walizibana wapi.

Mara nyingi walizibana kwenye kitako, yaani mwili mzima unaobeba mtutu, na kwenye darubini.

Kitako cha plastiki ni chepesi na hakivimbi kwa mvua, ila sehemu yake ya mbele hujikunja. Jaribu hivi nyumbani, bunduki ikiwa tupu. Kata ukanda wa karatasi, uzungushe chini ya mtutu, uuvute kutoka mbele kuelekea kwenye chemba. Unatakiwa upite bila kukwama. Sasa egemeza ncha ya mbele ya kitako juu ya kitu kigumu, bonyeza kama mtu anayelenga, uvute tena. Ukikwama, umepata jibu: kila ukiegemea kwa nguvu tofauti, kitako kinagusa mtutu kwa namna tofauti, na risasi nazo zinatawanyika. Dawa yake wala si kubwa. Egemeza bunduki karibu na magazini badala ya kwenye ncha, na ikibidi pitisha msasa ndani ya mfereji wa kitako hadi karatasi ipite. Mimi ilinichukua jioni moja. Sura yake haikupendeza, lakini mnyama haangalii ndani ya kitako.

Darubini sasa. Ukiwa na bajeti moja ya kugawa, chukua bunduki ya kawaida na darubini nzuri, usifanye kinyume chake. Zile zinazouzwa pamoja na bunduki hutosha kuanzia, lakini jioni, mwanga unapopungua, ndipo utakapojua kwa nini zilikuwa rahisi. Iwe nzuri au mbaya, ifungue uifunge upya mwenyewe. Toa skrubu zote, futa mafuta kwenye nyuzi zake, weka tone la gundi ya skrubu (ile ya buluu, ambayo bado inafunguka ukitaka), kaza kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa pete. Halafu chora mstari mwembamba kwa rangi ya kucha, uanzie kwenye kichwa cha skrubu uishie kwenye chuma cha pembeni. Mstari ukikatika, skrubu imesogea. Na acha nafasi ya kutosha kati ya jicho na kioo. Darubini ikikupiga juu ya nyusi, alama yake ni nusu mwezi, na kila mwindaji atakayeiona atajua ulichofanya.

Kwenye kurekebisha shabaha, wageni wengi huzungusha vitufe vya darubini baada ya kila risasi. Usifanye hivyo. Piga tatu, tafuta katikati yake, ndipo urekebishe. Darubini nyingi za kuwindia, mlio mmoja wa kitufe husogeza tundu la risasi kama milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo ukiwa nje kwa sentimita 10, zungusha milio 14 na upige tena tatu. Baina ya mafungu uache mtutu upoe. Mitutu hii ni myembamba, na ukipiga kumi mfululizo utaanza kufukuza joto ukidhani unafukuza shabaha.

Kuhusu kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi ambayo bunduki inapiga, nitasema kifupi, maana mabishano yake hayaishi. Bunduki hizi ni nyepesi, nyingi ziko kwenye kilo 3, na wepesi wake unaulipa begani. .30-06, iliyotoka 1906, inaangusha karibu kila kitu, lakini kwenye bunduki nyepesi teke lake linamfundisha mgeni kufumba macho kabla ya kuvuta triga. Tabia hiyo ikishaingia, kuitoa ni kazi. Kwa mnyama mdogo na wa wastani, anza na .243 Winchester au 6.5 Creedmoor, mradi sheria za unakowinda zinaruhusu. Kisha nunua aina tatu za risasi, boksi moja moja, uone bunduki yako inapenda ipi. Yangu inachukia risasi nyepesi, sijui kwa nini, nimeacha kuuliza.

Boliti nzito isikuudhi. Paka grisi kidogo kwenye meno yake, keti, ifungue na kuifunga bunduki ikiwa tupu mara mia mbili tatu, italainika. Ila "tupu" maana yake umeingiza kidole kwenye chemba ukahakikisha, si kwamba unakumbuka uliitoa risasi. Magazini ya plastiki iangalie midomo yake, na ukiipachika ivute chini uone kama imeshika. Mimi yangu iliniangukia kwenye majani marefu nikiwa nanyata, na swala akaondoka zake kwa mwendo wa kawaida kabisa.

Mwisho, mafuta. Chuma cha bei nafuu kinashika kutu upesi, kwa hiyo utapaka mafuta ndani ya mtutu, na ni sawa. Lakini risasi ya kwanza ikipita kwenye mafuta haiendi ziendako nyingine. Kwangu huenda vidole vitatu juu. Usiku wa kuamkia safari napitisha kitambaa kikavu, napitisha kingine, hadi kitoke bila alama.