Hamisi wa Jumapili

SWALI: Mwanangu alizaliwa Jumapili, tukampa jina la babu yake, Hamisi. Jirani anasema nimekosea mara mbili: jina hilo ni la aliyezaliwa Alhamisi, tena liandikwe "Khamis". Ni kweli? – Baba Hamisi, Mikindani, Mtwara

JIBU: Hongera kwa mtoto, Baba Hamisi. Hukukosea hata mara moja.

Jina limetoka kwenye Kiarabu, khamis, yaani siku ya tano kwa anayeanza kuhesabu Jumapili. Hamsa na hamsini ni ndugu zake. Waswahili tunaanzia kesho yake Ijumaa: Jumamosi ndiyo mosi, tukifika Jumatano tano imetimia, halafu inakuja Alhamisi na tano ya Waarabu. Ndiyo maana juma letu lina tano mbili na halina sita.

Ni kweli siku ilikuwa ikitoa jina: Juma na Mwajuma, Hamisi na Mwanahamisi, hata Jumanne. Lakini jirani akitaka kushika hesabu hiyo, aishike yote. Kwa desturi ya pwani siku huanza jua likitua. Aliyezaliwa Alhamisi baada ya magharibi ni wa usiku wa Ijumaa, basi huyo ni Juma! Sidhani kama huwauliza akina Hamisi wote wa mtaani kwake walizaliwa saa ngapi.

Wako amepewa jina la babu. Babu ni somo yake, na hiyo ni sababu tosha. Jina la somo halifuati kalenda.

Tuje kwenye kh. Unguja na Pemba utaliona sana Khamis, na aliyepita madrasa huitamka kh yake vizuri. Bara, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, watu husema Hamisi, kwa h nyepesi na i mwishoni, maana Kiswahili hupenda silabi iishie na irabu. Ni njia ileile iliyopitiwa na khabari hadi ikawa habari, na hakuna anayesema habari ni kosa. Hamisi ni jina kamili la Kiswahili. Khamis nalo ni sahihi kwa mwenyewe aliyepewa hivyo, usimsahihishe.

Pa kuwa mkali ni kwenye makaratasi. Ukiandika Hamisi kwenye cheti cha kuzaliwa, iwe Hamisi shuleni, kliniki na NIDA kwenye kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Mtaani Hamisi, Hamis na Khamis ni mtu mmoja. Kwenye kompyuta ya ofisi ni watu watatu, na utatumwa kuapa kwamba ni mwanao mmoja.