Kabla Hujapanda Nasi Kwenda Sipi

Kila kundi letu la pikipiki linapotangaza safari ya siku moja kutoka Mbale, mashariki mwa Uganda, hadi maporomoko ya maji ya Sipi, wageni huanza na maswali mawili: pikipiki yangu inatosha, na mnakimbia kiasi gani? Nayajibu haraka. Inatosha kama ina breki zinazoshika, taa zinazowaka na tairi zenye meno. Tunao wenye Boxer, wenye Honda za zamani zilizowahi kutumika kwenye mashirika, na wachache wenye BMW kubwa, na mlima wa Kapchorwa wote huupanda. Kuhusu mwendo, tunakwenda kwa mwendo wa yule wa polepole kuliko wote, wala hahitaji kuomba radhi kwa mtu.

Swali ninalotamani mgeni aulize ni jingine: nani yuko nyuma yangu? Mtu aliyezoea kupanda peke yake macho yake yote yako mbele. Akiingia kwenye kundi anaendelea hivyo hivyo, anakodolea taa ya nyuma ya mwenzake na kuifukuza, kona baada ya kona, hadi anajikuta kwenye mwendo asioumudu. Wengi wanaoanguka katika safari za kundi huanguka kwa namna hiyo, wakiogopa kuachwa. Kwa hiyo sisi tumepanga safari zetu ili hofu hiyo isiwe na sababu.

Mpango wenyewe ni huu. Kiongozi yuko mbele, mfunga msafara yuko nyuma kabisa, na hawa wawili hawabadiliki siku nzima. Tukifika njia panda ambapo mtu anaweza kupotea, yule anayemfuata kiongozi husimama pembeni, mahali anapoonekana vizuri, na kuwaelekeza wanaokuja. Anabaki hapo mpaka amwone mfunga msafara, ndipo anaingia barabarani mbele yake. Njia panda inayofuata, mwingine ndiye anakuwa wa pili, naye husimama. Kundi likitanuka kilomita nyingi, bado kila mtu anafika.

Mgeni tunamweka wa pili tangu mwanzo, kwa hiyo yeye ndiye huachwa kwenye njia panda ya kwanza. Ukitoka Mbale ni pale Namunsi, barabara ya Sironko inapoachana na ile ya Kumi na Soroti. Utasimama hapo, wenzako watapita mmoja mmoja, kisha barabara itakuwa tupu. Dakika zitapita. Utaanza kuwaza kwamba wamekwisha wote, au mfunga msafara amepita hukumwona. Usiondoke. Labda mtu amepata pancha kilomita tatu nyuma na mfunga msafara anashikilia gurudumu huku mwenzake akibandika kiraka. Ukiondoka, wale wawili watafika hapo, hawataona mtu, na watanyoosha kwenda Kumi. Nimeshuhudia watu wazima, mafundi na walimu wenye akili zao, wakishindwa kusimama dakika ishirini mahali pamoja. Kusimama huko ndiko ustadi wa kwanza tunaokudai, kabla ya kona na kabla ya gia.

Kati ya njia panda na njia panda kuna kanuni ya pili, na hiyo ni ya kioo cha pembeni. Usipomwona wa nyuma yako, punguza. Akiendelea kutoonekana, simama mahali salama. Wa mbele yako naye hatakuona, atapunguza, na habari itafika kwa kiongozi bila simu wala honi. Ndiyo maana tunakagua vioo asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Vijana wengi huving'oa kwa kuwa pikipiki inapendeza bila vioo. Asiye na vioo viwili hatoki nasi.

Barabarani tunapangana kama nyayo za mtu anayetembea: kiongozi upande wa kulia wa njia yetu, karibu na mstari wa kati, wa pili kushoto, wa tatu kulia, na kuendelea. Kiongozi anakaa kulia kwa sababu huku tunaendesha kushoto, na kutoka hapo anaona mbali zaidi, na wanaokuja wanamwona mapema. Kati yako na aliye mbele yako moja kwa moja acha sekunde mbili kamili. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unakula mita 17 hivi, kwa hiyo sekunde mbili ni zaidi ya mita 30. Wageni huona nafasi hiyo ni kubwa mno na kuijaza. Iache. Tukiingia kwenye kona, au vumbi likizidi, mpangilio huo unavunjika na tunakwenda mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu akichagua mstari wake.

Sasa barabara yenyewe, na hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini, maana aliyejifunzia mjini Kampala anajua foleni lakini hajui mashambani.

Ukiona matawi mabichi au majani yametupwa barabarani kwa mafungu, kuna gari limekufa mbele, mara nyingi lori, mara nyingi nyuma ya kona. Hiyo ndiyo pembetatu ya tahadhari ya huku kwetu. Funga gesi mara moja, usisubiri ulione lori. Upande wa Kumi na Soroti msimu wa mavuno utakuta mihogo na mtama umeanikwa ukingoni mwa lami. Upande wa mlimani, kahawa. Usikanyage. Ni chakula na ada ya shule ya mtu, na pia punje juu ya lami huteleza kama ungekanyaga mchanga. Boda boda anayetoka kwenye kichochoro cha migomba hatatazama kulia. Mhesabu kuwa hajakuona hata mkitazamana macho kwa macho. Ng'ombe mmoja akivuka, mwenzake yuko njiani. Mtoto akivuka, vivyo hivyo.

Miaka inayogawanyika kwa mbili, kama 2024 na 2026, ni miaka ya imbalu, tohara ya vijana, kwa Wamasaba, wenyeji wa huku. Tohara hufunguliwa Mutoto, hapo karibu na Mbale, mwezi Agosti, na kwa miezi kadhaa baadaye utakutana na vijana wakicheza barabarani na umati nyuma yao, wenye filimbi na njuga mapajani. Usipige honi, usijipenyeze. Simama pembeni, zima injini, subiri wapite. Wale wako nyumbani kwao na siku ile ni yao. Kuna mwenzetu ambaye aliwahi kusubiri nusu saa nzima akiwa amevua kofia ngumu, na familia ile ilimletea kiti. Huo ndio mwenendo ninaotaka mgeni wetu auige.

Ukishapita Sironko na kuachana na barabara ya Muyembe, mlima unaanza. Mbale iko kwenye mita 1,100 na kitu. Sipi iko juu ya mita 1,700. Kona ni nyingi na zimebana. Kwenye kona ya kulia, kaa upande wa kushoto wa njia yako kuliko unavyodhani inatosha. Tairi zako zinaweza kuwa ndani ya mstari huku kichwa chako, kwa sababu umelala, kiko upande wa lori linaloshuka. Geuza kichwa na utazame pale kona inapoishia. Ukikodolea bonde, pikipiki itakupeleka bondeni. Na ukiona umeingia na mwendo mkubwa mno, usikamate breki ya mbele kwa hofu, hasa palipo na changarawe iliyoletwa na mvua. Breki zinafanyika kabla ya kona, pikipiki ikiwa imesimama wima.

Kushuka kuna hatari zaidi kuliko kupanda, na hapa napingana waziwazi na desturi ya waendesha boda wengi, ambao huzima injini au kuweka gia huru ili kuokoa mafuta. Ukifanya hivyo uzito wote unabaki kwenye breki. Breki ya ngoma ya nyuma ikipata moto inalegea, unaikanyaga na hakuna kitu. Shuka na gia uliyopandia, au ya juu yake moja tu, injini ikushike, breki uziguse na kuziachia. Petroli utakayookoa haifiki hata bei ya chapati.

Mvua ya Mlima Elgon, huu tunaoupanda, hupenda mchana. Asubuhi Mbale inaweza kuwa na jua kali na ukingo wa mlima wa Wanale, ulio juu ya mji, uko wazi, kufika saa nane wingu limekaa juu ya mlima. Msimu mkubwa ni kuanzia Machi hadi Mei, na mwingine huja baadaye mwaka, kufikia Novemba. Usipuuze mvua inayonyesha mbali na ulipo. Mwisho wa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku ndani ya Mbale kwa maji yaliyotoka mlimani, na watu wengi walikufa. Novemba 2024 maporomoko ya udongo yalizika nyumba huko wilayani Bulambuli. Kwa hiyo maji yakivuka barabara, hata yakionekana ya kifundo cha mguu, tunageuza. Kiongozi akigeuza hatuombi maelezo pale pale; tutaulizana tukiwa pakavu.

Nguo sizungumzii sana. Kofia ngumu ni sheria kwa dereva na abiria. Vaa buti zinazofunika kifundo, glavu, na koti, maana ukitoka kwenye joto la Mbale utahisi baridi Kapchorwa kabla hujashuka kwenye pikipiki. Leseni iwe na daraja A, bima iwe hai. Jaza tanki Mbale jioni ya kuamkia safari, usitusimamishe asubuhi kwenye foleni ya kituo cha mafuta.

Tunaondoka saa moja kamili. Maelekezo ya asubuhi hutolewa kwa Kiswahili, kwa kuwa tuna watu wa Tororo, wa Busia pande zote mbili za mpaka, wa Soroti na wa Mbale, na hiyo ndiyo lugha tunayokutana wote. Usiposikia jambo, uliza hapo hapo mbele ya watu. Hakuna anayekucheka.

Kuingia kijijini ni sehemu ya safari, nasi tunaipenda kuliko lami. Pikipiki nyingi zikifika pamoja, mama mwenye kibanda cha roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, anaweza kudhani kuna shari. Punguza mwendo mapema ili usimwagie vumbi chapati zake, zima injini, vua kofia uso uonekane, salimia wazee kwanza. Kisha nunua. Pale Sipi kuna maporomoko matatu ya maji, na lile la chini kabisa lina karibu mita 100. Wanaotembeza wageni ni vijana wa pale, na ada yao tunailipa bila kuvutana. Kahawa ni ya Arabika, hukaangwa na kutwangwa mbele yako, na mazungumzo mazuri ya mwezi mzima hufanyika hapo, fundi wa redio akimweleza nesi jinsi ya kukaza cheni. Wenye nguvu huendelea hadi Kapchorwa, kwenye eneo la wakimbiaji Joshua Cheptegei na Stephen Kiprotich, huyu wa pili ndiye aliyechukua dhahabu ya marathoni London mwaka 2012. Huko tazama ukingo wa barabara kwa jicho jingine, maana wakimbiaji hufanya mazoezi humo, wengine wakiwa watatu kwa safu.

Saa tisa tunaanza kurudi, hata kama hadithi haijaisha. Jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na baada ya hapo barabara ina baiskeli zisizo na taa na malori yaliyolala. Anayetaka kubaki ana ruhusa, lakini amwambie mfunga msafara uso kwa uso.

Tukifika Mbale hatuagani barabarani. Tunaegesha, tunahesabiana, tunaagiza chai, na kila mmoja anasema alichokiona siku ile. Mgeni huanza, kwa sababu sisi wengine tumeshazoea na kuna mambo hatuyaoni tena. Kiongozi akikosolewa hajitetei, anasikiliza. Zamani sanduku la huduma ya kwanza na pampu vilibebwa na kiongozi. Dada mmoja, kwenye safari yake ya kwanza nasi, aliuliza kwa nini vitu hivyo viko kwa mtu aliye mbali kuliko wote na yule atakayeanguka. Tangu jioni ile vinabebwa na mfunga msafara.