Jibu: Bangi na homa ya ini aina ya C
Ndugu, umeuliza kama kuvuta bangi kila siku kunaharibu ini lenye virusi vya homa ya ini aina ya C. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2005 ulihusisha uvutaji wa kila siku na makovu ya ini yanayoongezeka haraka, ilhali ule wa Kanada wa mwaka 2013, uliowafuatilia watu wenye virusi hivyo pamoja na VVU, haukuona kwamba bangi ndiyo chanzo; huenda waliozidiwa ndio waliovuta zaidi ili kutuliza maumivu. Mimi ningeihofia zaidi pombe, ambayo madhara yake hayana ubishi. Hata hivyo, dawa za kumeza za siku hizi huponya zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa, mara nyingi kwa wiki 8 hadi 12, kwa hiyo usichelewe kumwona daktari, na umweleze kuhusu bangi bila kuficha.