Medali Zinatuharibia Bao

SWALI: Kaka, shikamoo. Mimi na mwenzangu hapa Chikongola, Mtwara, tunatengeneza gemu ya simu ya bao la Kiswahili. Tumeweka medali 40: kula kete 1,000, kucheza mechi 500, kuingia siku 30 mfululizo, na kadhalika. Tukawapa vijana wa mtaani waijaribu. Sasa mtu anaiona kabisa njia ya kumaliza mechi, anaiacha, anambakizia mwenzake kete ili aendelee kula. Binti mmoja alifika siku ya 26, bando likamwishia, gemu ikamrudisha sifuri. Hajaifungua tena. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hao vijana msiwalaumu, wanafanya kile mnachowalipa.

Nimekulia Newala. Msimu mmoja bibi alituahidi andazi kwa kila kopo la korosho. Korosho huokotwa chini, ikishakomaa na kudondoka na bibo lake. Sisi tukaona kusubiri ni kuchelewa: tukapanda, tukatikisa matawi, makopo yakajaa kabla ya saa nne. Bibi akachukua kisu, akapasua moja mbele yetu. Ndani laini, majimaji. Akapasua ya pili, ya tatu, wala hakutupiga. Kesho yake akasema andazi ni la atakayeokota mkorosho mmoja mpaka chini pasibaki hata punje. Nani angetikisa tena?

Medali ya kete 1,000 ndiyo lile kopo. Ifuteni, na ya mechi 500 pia.

Ya siku 30 imeniuma zaidi. Inapima bando na umeme, bao haipimi hata kidogo. Mkitaka kuhesabu siku, hesabuni alizocheza, hata zikiachana, na alichokwisha kupata asinyang'anywe.

Sasa nzuri ikoje? Kwenye Half-Life 2: Episode Two, ya mwaka 2007, ipo medali ya kubeba kisanamu cha bustanini kutoka mwanzoni mwa gemu mpaka ukipakie kwenye roketi karibu na mwisho. Ukikishika huwezi kufyatua risasi, na garini kinadondoka ovyo. Njia ni zile zile, ila unazipita kwa akili nyingine kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya medali.

Na bao limejaa mambo ya namna hiyo! Kaeni na wazee barazani Mikindani. Hakuna anayeinuka kwa sababu mtu amekula kete ya elfu. Wanainuka mtu akimmaliza mwenzake angali na kete za kunamua mkononi, yaani zile ambazo hajaziingiza bado kwenye bao, au akishinda baada ya nyumba yake, lile shimo la akiba ya kete, kuliwa. Hizo ndizo medali zenu.

Nyingine zificheni. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake, Marekani, walichapisha jaribio la watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti mapema, baadaye walipoachwa wachague wenyewe mchezo, hamu ya kuchora ilikuwa imepungua. Waliopewa cheti bila kutarajia, haikupungua. Kwa hiyo ya nyumba kuliwa msiitangaze. Imtokee mtu hapo hapo, jasho likiwa bado usoni.

Arobaini ni nyingi mno, mimi ningebakiza kumi. Toleo jipya likiwa tayari, mpelekeeni kwanza yule binti, na siku zake 26 mmrudishie.