Maboksi ya juisi yaliyonila mtaji

Juzi dada mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Dada, nataka kutoka kwenye chupa niingie kwenye boksi. Nichukue lipi?" Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Swali hilo mimi sikumuuliza mtu.

Nilikuwa nasambaza Dar juisi freshi ya machungwa ya Muheza, ile ya kukaa kwenye friji. Nikaona maboksi yenye paa kama nyumba, kama ya maziwa, nikayapenda. Muuzaji akaniambia yanafaa kwa kinywaji chochote. Nikachapisha nembo, nikalipia oda nzima.

Siku ya tano duka likanipigia. Nilikuta maboksi yametuna ubavuni, kona za chini zimelowa, ukibonyeza kidole kinazama. Nikafungua moja: ile harufu ya ganda la chungwa hakuna. Nikalimwaga, nikalisuuza, nikanusa ndani. Harufu ilikuwa humo!

Kutuna silibebeshi boksi. Mlinzi aliniambia friji ya duka ilikuwa inazimwa usiku, juisi ikachacha na kutoa gesi. Mengine yote ni ya boksi. Lilikuwa karatasi na poliethilini basi. Plastiki hiyo inazuia maji, lakini oksijeni inapenya na kula vitamini C, na yenyewe inanyonya mafuta ya harufu ya chungwa. Juisi ilitaka tabaka la kuzuia hewa: alumini, au plastiki ya kuzuia hewa iitwayo EVOH. Halafu ukingo wa karatasi uliokatwa ulikuwa wazi kwa ndani, ukavuta juisi kama utambi wa koroboi.

Ndugu zangu, msinunue boksi kwa macho. Wala msidanganyike na yale ya juisi inayokaa rafu miezi bila friji. Hayo kazi yake inategemea juisi iliyochemshwa kitaalamu na kujazwa na mashine isiyoingiza vijidudu. Ukilijaza kwa jagi nyumbani, nje ya friji juisi itaharibika vilevile.

Ombeni maboksi ishirini matupu kwanza. Jazeni juisi yenu wenyewe, si maji, yakae nyuzi 4, mfungue moja kila siku mpaka mpite tarehe mtakayoichapa. Nawaambia tena: juisi yenu wenyewe. Mimi nilijaribu kwa maji, hayakuvuja hata tone, nikalala usingizi.

Dada wa Morogoro, usinitumie picha ya mbele yenye embe. Lichane boksi, unipigie picha ya ndani na ya kona za chini. Alumini tutaiona inang'aa. EVOH haionekani, kwa hiyo mdai muuzaji maelezo ya matabaka kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi.